Nairobi na bei ya kununua kidogo kidogo: tubane vipi matumizi siku za kawaida na siku za shughuli?

Karani wa Umoja (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote. Nimesoma nyuzi nyingi za kubana matumizi na karibu zote zinashauri yale yale: acha nyama, acha chai ya hotelini, tembea kwa miguu. Wengi wetu tulishaacha hayo kitambo, na bado tarehe 20 ikifika mfuko umekauka. Mimi nina hoja moja na naomba tuijadili kwa kina. Mji huu unatutoza zaidi kwa sababu tunanunua kidogo kidogo, kwa haraka, dakika ya mwisho. Anayeweza kuitangulia gharama kwa wiki moja tu hulipa bei tofauti na jirani wa mlango wa pili, kwa vitu vile vile.

Chukueni mafuta ya kupikia. Ukipimiwa ya shilingi 30 kila jioni, mwezi ukiisha umetoa 900. Fanya jaribio hili: kila jioni mimina yale ya 30 kwenye chupa tupu ya nusu lita kabla ya kupika, uweke alama kwa kalamu mahali yalipofika, ndipo uyatumie. Baada ya siku chache utajua chupa inajaa kwa kipimo cha ngapi. Kisha uliza bei ya mtungi wa lita 3 au 5 kwenye duka la jumla. Hesabu hiyo ukiifanya kwa mkono wako mwenyewe huhitaji kushauriwa na mtu.

Halafu kuna ada za simu, ambazo watu huziona kama hewa. Kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, kuanzia shilingi 101 hadi 2,500, ni shilingi 29. Anayetoa 300 kila siku ya kazi hukatwa 145 kwa wiki. Anayetoa 1,500 mara moja siku ya Jumatatu hukatwa 29. Kwa mwezi tofauti inapita 460, na hakuna aliyekula zaidi ya mwenzake.

Tunaotumia wazazi pesa mashambani tuangalie pia upande wa pili. Kutuma 500 ni shilingi 7, kwa hivyo ukituma mara nne umelipa 28. Ukituma 2,000 kwa mkupuo unalipa 33. Ukiishia hapo utadhani kidogo kidogo ndiyo nafuu. Lakini mama naye akienda kwa wakala kila mara anakatwa zile 29, na mara nne ni 116. Jumla mmelipa 144 mahali ambapo mngelipa 62. Zungumza na mzazi mkubaliane tarehe moja. Na dukani penye nambari ya Lipa na M-Pesa ya kununua bidhaa, lipa moja kwa moja, maana mnunuzi hakatwi chochote.

Upande wa chakula, nafaka ndipo penye nafuu kubwa. Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka ya katikati ya mji, ukienda na begi lako utapata maharagwe, ndengu, njahi na mchele kwa bei ambayo kioski cha mtaani hakiwezi kukupa, kwa sababu mwenye kioski mara nyingi amenunua huko huko na ana nauli na kodi ya kulipa. Usisubiri uishiwe. Nenda wakati bado una gorogoro moja (lile kopo la kupimia) nyumbani, ili uweze kuzunguka maduka matatu manne na kuondoka pale bei isipokupendeza.

Karibuni. Nataka kusikia mnavyofanya ninyi, na hasa kuhusu harusi, matanga na Desemba, maana hapo ndipo akiba ya mwaka mzima huisha kwa siku mbili.

Kijana wa Pipeline

Dada, heshima zako, na hesabu yako ni sawa. Lakini niulize kwa niaba ya wengi. Mimi ni mtu wa mjengo, nalipwa jioni kazi ikiwepo. Nikitoka saite na pesa mkononi, kodi inaningoja, mtoto anadaiwa shuleni, na nyumbani hakuna unga. Nikinunua mafuta ya lita 3 leo, familia italala na mafuta. Hiyo ya kidogo kidogo ndiyo inatuweka hai. Tukiambiwa tununue kwa jumla tunahisi kama tunalaumiwa kwa kutokuwa na pesa.

Karani wa Umoja

Ndugu yangu, silaumu mtu, na nashukuru umesema. Kununua kwa kipimo kunalisha watoto usiku huu, na hilo ni jambo kubwa kuliko akiba. Ninachosema ni kwamba ada hiyo ipo, na wanaoilipa ndio wenye uwezo mdogo zaidi. Kwa hivyo tutafute mlango wa kutokea ambao hauhitaji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Wa kwanza: chagua kitu kimoja tu, kisichooza, na ukitangulie. Sabuni ya mche ni nzuri kuanzia. Badala ya kununua kipande kila siku mbili, siku kazi ikilipa vizuri nunua mche mzima, uukate mwenyewe, uvipange vipande juu ya kabati pahali penye hewa kwa wiki moja au zaidi. Sabuni iliyokauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni, kwa hivyo mche ule ule unafua nguo nyingi zaidi. Pesa ya kipande iliyokuwa inatoka kila siku mbili inabaki, nayo ndiyo mtaji wa kitu cha pili, labda chumvi na majani ya chai, halafu mafuta.

Wa pili ni majirani. Watu watano wa ghorofa moja wakichangia, gunia la viazi la kilo 50 ni kilo 10 kwa kila nyumba. Mmoja aende soko la Marikiti alfajiri, nauli yake na ya mkokoteni igawanywe, na kupima kufanyike mbele ya wote kwa gorogoro ile ile. Nimeona vikundi vya namna hii vikivunjika, na sababu huwa moja: mtu mmoja kuchukua ahadi ya kulipa kesho. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba asiye na pesa wiki hii anapumzika, na wiki ijayo anarudi bila kuulizwa maswali.

Mama Mboga Kayole

Naomba niongee kwa upande wetu sisi wauzaji. Msituchukulie kuwa maadui wa akiba yenu. Sisi hununua kreti na gunia ili ninyi mpate nyanya tatu. Tukikatia mtu sukuma wiki huwa hatuongezi bei, na kazi hiyo ina thamani yake kwa mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku.

Lakini mkitaka kula vizuri kwa pesa kidogo, fuateni msimu. Mvua ikinyesha mfululizo, sukuma, mchicha na terere hujaa sokoni na bei inashuka. Nyanya nazo hufanya kinyume, mvua nyingi huziletea ugonjwa shambani na bei inapanda. Wakati huo pungua nyanya kwenye mchuzi, kaanga kitunguu vizuri na uongeze karoti ya kukwaruza. Kiangazi kikija, sukuma ndiyo hupanda, basi mwenye kibaraza apande kwenye gunia. Kule Kibra watu wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi: gunia linajazwa udongo na samadi, katikati panawekwa mawe madogo ili maji yapite mpaka chini, na miche inachomekwa kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja halilishi nyumba, mbili tatu zinapunguza safari za kwangu. Nami sitakasirika.

Na jambo jingine. Mteja anayekuja kwangu kila siku hupata mboga za jioni kwa bei ya chini kabla sijafunga, kwa sababu namjua. Mteja anayehama kibanda kila siku kutafuta nafuu ya shilingi 5 haipati hiyo.

Baba Pacha

Kwenye nafaka naongeza tahadhari. Mahindi na maharagwe ya bei ya chini sana mara nyingi hayajakauka. Mahindi yanayofaa kuhifadhiwa hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakiwa mabichi kuliko hapo yanashika ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga, na huharibu ini. Kwa hivyo msitafute nafuu kwenye mahindi yenye harufu ya uvundo hata yakigawiwa.

Kuna njia ya kupima nyumbani. Chukua chupa kavu ya glasi yenye kifuniko, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji mengi, yarudishe juani. Ikibaki kavu chini, yanafaa kuhifadhi. Weka kwenye ndoo yenye kifuniko kinachokaza hewa isiingie, dumuzi waliomo hufa kwa kukosa pumzi.

Gesi nayo: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu, pale karibu na valvu. Mwambie muuzaji auweke mtungi kwenye mizani, utoe uzito huo, na mtungi mdogo lazima ubaki na kilo 6. Muuzaji asiye na mizani mwache. Na msiende kujaza vichochoroni kwa sababu ya nafuu ya shilingi mia. Tunakumbuka gesi ilivyolipuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Mradi, Embakasi. Kituo kile hakikuwa na kibali cha mamlaka ya nishati, na wengi wa waliokufa na kuungua walikuwa majirani.

Mzee Kahawa West

Kuhusu kupika, mke wangu anatumia kapu la kupikia lisilo na moto. Ni kapu kubwa la ukindu lililotandikwa ndani mito ya vitambaa, na mto mwingine wa kufunika juu. Maharagwe yanalowekwa usiku. Asubuhi yanachemka dakika 20 hivi, na sufuria ikiwa bado inatokota inaingizwa kapuni na kufunikwa. Haifunguliwi kwa saa tatu au nne. Yakitoka yanachemshwa kidogo tena, yanakaangwa. Maharagwe mengine yaliyokaa sana dukani hayakubali, lakini mapya hulainika kabisa. Mchele ni rahisi zaidi.

Kwa wenye makaa, nunueni jiko lenye udongo ndani, lile la kiuno chembamba. Kamukunji na Shauri Moyo mafundi wanalitengeneza mbele yako. Linakula makaa machache sana kuliko la bati tupu. Na lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa, hata likionekana limezimika. Moshi usioonekana umeua familia nzima nzima.

Fundi Stima

Watu wengi wanaokoa stima mahali pasipofaa. Mtu anazima balbu halafu anaoga maji ya shawa ya papo hapo kwa robo saa. Hesabu iko hivi: shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika 12 imekula yuniti 1. Balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 100 kwa yuniti hiyo hiyo moja. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika 5 kwa siku, ni yuniti 50 kwa mwezi kwa kuoga tu.

Hizo 50 zinauma mara mbili, kwa sababu bei ya yuniti kwa mteja wa nyumbani ina ngazi tatu. Wastani wa miezi mitatu ukiwa haupiti yuniti 30 kwa mwezi, uko ngazi ya chini. Kati ya 30 na 100 ni ya pili. Ukivuka 100 unahamia ya juu, na kila yuniti inakugharimu zaidi. Kwa hivyo anayetumia 110 ana sababu nzuri ya kuzitafuta zile 10 za kupunguza. Pigeni pasi nguo za wiki nzima siku moja, pasheni maji ya kuoga kwenye gesi kama mko wengi, na kagueni mpira wa mlango wa friji. Bana karatasi kwenye mlango, ukiivuta ikatoka bila kukwama, baridi inavuja usiku na mchana.

Na wapangaji mnaotafuta nyumba, ulizeni kama kila nyumba ina mita yake ya tokeni. Ploti ambayo nyumba kumi ziko chini ya mita moja kubwa, jumla yao huvuka 100 bila shaka, na kila mtu analipa bei ya ngazi ya juu hata kama yeye ana balbu mbili na simu. Nyumba inayozidi kodi kwa shilingi 500 lakini ina mita yake yaweza kuwa ndiyo nafuu.

Msafiri wa Syokimau

Hapo kwa nyumba niongeze nauli. Watu huhamia mbali kwa sababu kodi imepungua elfu nne, wanasahau safari. Mkiwa wawili mnaofanya kazi mjini na nauli imezidi kwa shilingi 100 kwa siku kila mmoja, siku 26 ni 5,200. Mmepata hasara ya 1,200 na saa mbili za usingizi. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kulipa dipoziti, na muifanye kwa nauli ya jioni ya mvua, si ile ya saa tano asubuhi.

Walio karibu na reli, treni za abiria za Syokimau, Embakasi, Ruiru na Kikuyu haziongezi nauli mvua ikinyesha. Shida ni ratiba yake chache, lakini kwa mtu wa kazi ya saa mbili asubuhi inaingiliana vizuri.

Mwalimu Donholm

Kwa kifupi upande wa shule: vitabu vya kiada vilivyotumika vinapatikana kwa wauzaji wa barabarani mjini, wale wa inama wanaotandaza vitabu chini, kwa sehemu ndogo ya bei ya duka. Nenda Novemba au mwanzo wa Desemba, usingoje wiki ya kufungua. Hakikisha ni vya mtaala wa sasa na toleo ambalo shule imetaja. Sare nazo, sweta ya mtoto wa jirani aliyemaliza darasa mara nyingi ni nzima kabisa. Ongea na mama yake.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Asanteni sana, nimenakili karibu yote. Sasa shida yangu. Mimi na mchumba wangu tumeweka akiba ya harusi na hatutaki kukopa. Lakini kila tukikaa na jamaa, orodha inarefuka. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, tayari imetuchukua sehemu. Shangazi zangu wanasema tukifanya ndogo, watu watasema tumeolewa kimya kimya kama tunaoficha kitu. Mlio na uzoefu wa kamati, mnafanyaje bila kuvunjia watu heshima?

Shangazi wa Kamati

Mwanangu, hongera kwanza. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na nakuambia kile nilichokiona: gharama huamuliwa siku ile orodha ya wageni inapoandikwa. Maua, gari na keki ni vitu vidogo mbele ya idadi ya sahani. Kwa hivyo anzeni na pesa mliyo nayo, muigawe kwa gharama ya sahani moja ya chakula kizuri, na idadi itakayotoka ndiyo idadi ya wageni. Kisha wapeni wazazi wa pande zote mbili idadi yao kila mmoja, wachague wenyewe nani aje. Mzazi aliyepewa nafasi 40 za kugawa ana heshima yake mikononi, na ni yeye atakayewaeleza waliobaki. Ninyi vijana mkianza kukata majina ya wazee mtagombana mpaka siku ya harusi.

Hiyo hofu ya kuolewa kimya kimya naielewa, hata mimi nisingependa mwanangu asemwe. Lakini kisheria harusi ndogo haina upungufu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazipa hadhi sawa ndoa zote zilizosajiliwa, ya kanisa, ya kiserikali, ya kimila, ya Kiislamu na ya Kihindu. Ya kiserikali mnatoa notisi ya siku 21 kwa msajili, maombi yanafanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na wengi hufungia Sheria House pale Harambee Avenue. Ndoa ya kimila nayo inatakiwa kuarifiwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, msiache hilo kwa kudhani ruracio imemaliza kila kitu.

Mkitaka karamu, fanyeni mchana, si jioni. Chakula cha mchana hakidai mapambo ya taa wala muziki mpaka usiku, na wageni wa mbali wanarudi kwao wakiwa na matatu za nauli ya kawaida. Ijumaa au siku ya katikati ya wiki kumbi hushuka bei. Uwanja wa kanisa au wa shule unaweza kuwa nafuu zaidi ya bustani yoyote. Hema na viti, ulizeni vikundi vya akina mama kabla ya kwenda kwa kampuni. Vikundi vingi vimenunua vyao kwa ajili ya wanachama na hukodisha kwa bei nzuri. Na wapishi ni wao hao. Pilau ya wapishi wa chama, iliyopikwa kwa sufuria kubwa za kukodisha, nimeila ikiwa tamu kuliko ya mkahawa wa kifahari.

Kamati yenyewe isizidi watu saba, wakutane kwa simu. Nimeona kamati zikitumia pesa nyingi kwa chai na soda za vikao kabla hata ya kulipia hema. Nguo: kitambaa cha wasimamizi kanunueni Islii au Biashara Street, kwa roli nzima siyo kwa mita, na mshonewe na fundi mmoja. Gauni la bibi harusi kodi. Utalivaa siku moja.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Hilo la kuwapa wazazi idadi wachague wenyewe limenitua mzigo. Na keki?

Shangazi wa Kamati

Keki ndogo ya kukatwa mbele ya watu, na nyingine za sinia ya kawaida zikatwe jikoni zigawiwe. Mgeni anataka kipande, haulizi kilitoka ghorofa ya ngapi.

Mzee Kahawa West

Niongelee matanga, ambayo hakuna anayependa kuyapangia. Msiba hauna tarehe, kwa hivyo kutangulia gharama hapa maana yake ni mfuko wa kufaana. Kama chama chenu au Sacco yenu ina mfuko huo, jiunge sasa na usome masharti: nani anahesabiwa, wazazi wa mke wamo au hawamo, na inachukua siku ngapi kulipa. Nimeona familia ikigundua haya chini ya mti, usiku wa kwanza wa mkutano.

Kinachomaliza pesa kwenye mazishi ya hapa mjini ni siku. Mochari hutoza kwa siku, na kila usiku wa mkutano una chai, mikate na hema. Familia inayokubaliana tarehe ya mazishi katika mkutano wa kwanza au wa pili hutumia pesa chache sana kuliko inayongoja wiki mbili mchango utimie. Na mchango uwekwe kwenye nambari moja yenye watia saini zaidi ya mmoja, hesabu isomwe kila mkutano. Watu huchanga zaidi wakiona pesa inaenda wapi. Kitu kimoja naomba sana: msiuze shamba wala kukopa kwenye programu za simu ili kununua jeneza la kifahari. Mkopo wa M-Shwari, kwa mfano, una ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, wakati Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Wafiwa wana watoto wa kusomesha baada ya mazishi.

Kijana wa Pipeline

Na Krismasi jameni? Maana Njaanuari ndiyo inatuua sisi.

Karani wa Umoja

Desemba ina mambo matatu: nauli, nyama na nguo.

Nauli ya mabasi na matatu za mashambani hupanda kuanzia wiki ya shule kufungwa na hufika kilele siku tatu nne kabla ya Krismasi. Familia inayoweza itangulize watoto na bibi mapema, halafu mfanyakazi afuate peke yake. Kwa wa Pwani, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda Mombasa, na bei hiyo haipandi Desemba. Tiketi ndizo huisha, kwa hivyo nunua pindi tarehe inapofunguliwa.

Nguo za watoto, nenda masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi mwezi wa Novemba. Ukitaka kamera, zile za kwanza kuchaguliwa belo likifunguliwa, fika asubuhi sana. Ukifika mchana utapata zilizobaki, na bado kuna nzuri kwa mwenye subira. Geuza nguo ndani nje utazame mshono wa kwapa na zipu kabla ya kuanza kuuliza bei.

Baba Pacha

Nyama niachie mimi. Sisi tulio nyumba nne tunanunua mbuzi soko la Kiamaiko. Mbuzi wengi wa pale wanatoka kaskazini, Isiolo, Marsabit, Moyale, na bei hupanda kila Krismasi inavyokaribia. Michango tunaanza kukusanya Septemba kwenye chama, ili pesa iwe tayari kabla ya watu wote kukimbilia.

Ujue hili kabla ya kununua: mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 13 hadi 15 pamoja na mifupa. Kwa hivyo muuzaji akitaja bei, gawa kwa 14, ulinganishe na bei ya kilo kwa bucha yako. Ikikaribiana, nunua buchani ujipunguzie safari. Ikiwa kuna tofauti ya kutosha nyumba nne, mshike mbuzi mgongoni, uti usiwe umechomoza, mtazame macho yawe maangavu na pua iwe haivuji. Achinjwe kwenye kichinjio, na usiondoke bila muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga.

Kugawa: nyama inapimwa kwa mizani mafungu manne sawa, na kila fungu liwe na mguu na mbavu. Kichwa, miguu na matumbo haviwezi kugawika sawa, kwa hivyo vinaenda kwa nyumba moja, na mwaka ujao nyumba nyingine. Kwetu zamu hii ni ya nyumba nambari 4, ndugu zetu walio na wageni kutoka Kakamega.

Kijana wa Pipeline

Michango ya Septemba ilikuwa ya kiasi gani kwa wiki? Nataka kuwapelekea hoja hii majirani Jumapili.

Baba Pacha

Sisi tulichukua bei ya mbuzi ya Desemba iliyopita, tukaongeza kidogo, tukagawa kwa nyumba nne, halafu kwa wiki 12. Tarehe za kuchanga ziandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni kwa mweka hazina. Ikibaki pesa baada ya mbuzi, inunueni unga wa Januari.